Port ni bandari, ni kushoto kwa meli au ni tundu la chaji? Jibu kwa fundi simu wa Kigoma

Kijana mmoja fundi simu pale Mwanga, Kigoma mjini, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu kafanya kazi melini miaka mingi, yeye ukimtajia port anakwambia ni kushoto kwa meli. Mi kwenye simu najua port ni pale unapochomeka chaja. Bandarini nako nikipita naona wameandika port. Juzi kaja mteja Mkongo wa Kalemie, nikamwambia port ya simu yako imekufa, akacheka, akasema kwao la porte ni mlango, sasa mlango unakufaje? Mwalimu hili neno lina maana ngapi na ya kwanza ni ipi? Nauliza maana nataka kuandika bango la kibanda na sitaki kuandika kitu cha ovyo."

Marahaba mwanangu. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, sasa hivi niko Tabora ila utoto wangu wote ni Ujiji, na swali kama hili sijaulizwa darasani hata mara moja, yaani wanafunzi wanakariri tu port ni bandari basi wanasonga mbele. Kwa hiyo nivumilie, ntakujibu kirefu.

Tuanze na huyo Mkongo wako kwa sababu kakupa ufunguo bila kujua. Kifaransa kina maneno mawili hapa. Kuna porte, mlango, na hiyo t ya mwisho wanaitamka. Alafu kuna port, bandari, ambayo t yake hawaitamki kabisa, inaishia kwenye r ya kooni. Mfaransa hawezi kuyachanganya hata akiwa usingizini. Sasa Mwingereza naye akawa nayo yote mawili, ile e ya mwisho ya mlango ikadondoka njiani, wote wakabaki port na port, wanaandikwa sawa wanatamkwa sawa, na mtu anayekuja baadae anadhani ni neno moja lenye maana nyingi. Sio neno moja. Ni wajina. Kama pale Mwanga unavyoweza kuwa na akina Juma watatu kwenye safu moja ya vibanda, kila mmoja na baba yake, na mteja akija kuuliza Juma lazima umuulize Juma yupi.

Hao wajina ukiwafuatilia wanatokea Kilatini, lugha ya Warumi, na huko walikuwa na majina tofauti kabisa: portus ni bandari, porta ni lango, na portare ni kubeba. Bandari, mlango, mzigo. Shika hayo matatu tu, mengine yote ntakayokwambia yanaangukia kwenye mojawapo.

Bandari ndo ilitangulia kuingia kwenye Kiingereza, kwa hiyo kama unataka maana ya kwanza ni hiyo, mjomba wako na simu zako wamekuja baadae sana. Waingereza walikuwa nayo hata kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajawavamia mwaka 1066, waliitoa moja kwa moja kwenye Kilatini, na ukiangalia ramani yao unaiona mpaka leo kwenye mji kama Portsmouth, ambao upo pwani na manowari zao zinatia nanga pale. Ila kuna kitu watu wengi hawakijui, zamani hizo port kwao ilikuwa pia ni mji wenye soko, hata kama hauna tone la maji. Kuna mji unaitwa Newport Pagnell, upo katikati ya nchi, mbali kabisa na bahari, na jina lake maana yake ni mji mpya wa soko. Ukishangaa hilo kumbuka na sisi tuna bandari kavu Isaka, kwenye reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, makontena yamepangwa pale na meli hakuna, na hakuna anayecheka. Bandari ni mahali mizigo inakutana na wenye mizigo, maji ni jambo la pili.

(Sisi wenyewe neno bandari tumelitoa kwa Waajemi, na forodha kwa Waarabu. Kila watu wanaopokea vyombo vya wageni wanaishia kupokea na maneno ya wageni, iko hivyo Mombasa, iko hivyo London.)

Kwenye hiyo hiyo bandari ndo unapata ule mvinyo unaoitwa port, mtamu, mzito, umeongezwa pombe kali ndani. Hauna uhusiano wowote na meli, unaitwa hivyo kwa sababu ulikuwa unapakiwa kwenye mji wa Porto kule Ureno, na mwaka 1703 Uingereza na Ureno waliwekeana mkataba wa kupunguza ushuru wa mvinyo wa Wareno, basi Waingereza wakaunywa kweli kweli. Jina Porto ni bandari tu. Hata nchi nzima, Portugal, imeitwa kwa jina la sehemu moja, Portus Cale. Sisi ndo tulienda njia yetu tukawaita Wareno, alafu tukachukua kwao meza, bendera na mvinyo.

Sasa mlango, na hapa ndo kwenye kibanda chako. Porta ilikuwa lango la mji, lile kubwa la kwenye ukuta. Uskochi wameibakiza hivyo hivyo, Edinburgh kuna mtaa unaitwa West Port, mgeni anaenda akitegemea kuona meli, anakuta maduka, kumbe ni pale lilipokuwa lango la magharibi la mji. Kutoka kwenye lango likahamia kwenye meli. Walipoanza kuweka mizinga kwenye meli iliwabidi watoboe ubavu ili mdomo wa mzinga utokee, na tundu lile likawa na kifuniko kama mlango, likaitwa port. Hata vile vidirisha vya mviringo vya meli unavyochungulia ziwa ni portholes, na hapo ni tundu la mlango, siyo tundu la bandari. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wazima wakilifafanua vibaya.

Baada ya meli za mizinga ikaja mitambo ya mvuke. Pale mvuke unapoingia na kutoka kwenye silinda palihitaji jina, mafundi wakachukua jina lile lile. Ikatoka kwenye mvuke ikaingia kwenye injini za petroli, na nenda hapo Kibirizi umwone fundi wa injini za boti akifungua injini ya tustroki, silinda ina matundu ubavuni, moja linaingiza mchanganyiko wa mafuta na hewa, jingine linatoa moshi, yote ni ports. Kutoka hapo kwenda kwenye umeme na kompyuta ni hatua ndogo tu, mahali kitu kinapoingilia au kinapotokea. USB ilipotoka mwaka 1996 ikalikuta jina limeshazoeleka. Kwa hiyo mwanangu ulivyomwambia mteja port imekufa ulikuwa unamwambia mlango wa kuingizia umeme umeharibika, na Mkongo alikuwa sahihi kusikia mlango. Alichokosea ni kucheka, maana mlango unaweza kufa vizuri tu, bawaba zikioza umekufa.

Na kuna milango ambayo huwezi kuishika. Ukiingia mtandaoni simu yako inaongea na kompyuta nyingine kupitia milango ya namba, inafika 65,535, tovuti za kawaida zinapita namba 80 na zile zenye kikufuli zinapita 443. Hakuna tundu pale, ni namba tu, ila wazo ni lile lile la mlinzi anayeuliza unaenda ofisi namba ngapi. Hapo ndo utaona na Kiswahili kimefanya hivyo hivyo bila kumuiga mtu, mlango kwetu ni wa nyumba, mlango wa bahari ni pale maji yanapobanwa kati ya nchi mbili, na wazee wa pwani wakisema fulani ni wa mlango fulani wanamaanisha ukoo. Kitu cha kupitia kinazaa maana, sijui lugha ambayo hakizai.

Haya, mjomba. Mjomba wako yuko sahihi asilimia mia, na hadithi yake ndo naipenda kuliko zote.

Zamani kabla usukani haujawekwa nyuma katikati, vyombo vya Ulaya kaskazini viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni karibu na nyuma. Watu wengi wanatumia mkono wa kulia, kwa hiyo kasia lilifungwa kulia. Ubavu ule ukaitwa steorbord, steor ni kuongoza chombo, bord ni ubavu, na ndo starboard ya leo, kulia. Sio nyota, usikubali mtu akudanganye kwamba walikuwa wanatazama nyota upande ule, ni kuongoza tu. Sasa fikiria unaleta chombo hicho gatini. Ukiegesha kwa kulia unalibana kasia lako kati ya chombo na gati, litavunjika. Kwa hiyo lazima ulaze ubavu wa kushoto. Kila siku kushoto ndo kunaangalia bandari, mizigo inapitia kushoto, watu wanapandia kushoto, na ndivyo ubavu wa bandari ulivyogeuka kuwa jina la kushoto.

Ila halikuwa jina la kwanza la upande huo. Lilikuwepo larboard, ambalo wengi wanalihusisha na kupakia mizigo. Tatizo utaliona mwenyewe, litamke kwa sauti: starboard, larboard. Upepo unavuma, matanga yanapiga, nahodha anapiga kelele kutoka nyuma, wewe uko mbele huko unasikia "...arboard", unageuza wapi? Mabaharia tangu karne ya 16 walishaanza kutumia port badala yake, lakini wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walikuja kuamuru rasmi mwaka 1844 kwamba larboard ife, na jeshi la majini la Marekani likafuata mwaka 1846. Neno zima limefukuzwa kazi kwa sababu linafanana mno na jirani yake. Na Wafaransa wao wanasema bâbord kwa kushoto na tribord kwa kulia, kwa hiyo mjomba wako akikutana na nahodha aliyesomea Kifaransa kule ng'ambo asishangae wasipoelewana.

Na kwa nini wasiseme kushoto na kulia tu kama watu? Kwa sababu kushoto ni kwako, port ni ya meli. Ukigeuka ukaangalia nyuma, kushoto kwako kumebadilika, port haijasogea. Wavuvi na wanajahazi wa pwani yetu nao wana joshi na demani, lakini hizo zinafuata upepo, upepo ukigeuka na zenyewe zinageuka, ya mjomba imepigiliwa kwenye chombo. Usiku upande wa port unawashwa taa nyekundu, starboard kijani, kwa hiyo ukiwa ziwani gizani ukiona nyekundu unajua unatazama ubavu wa kushoto wa mwenzako na unajua anaelekea wapi. Wanafunzi wa ubaharia wa Kiingereza wanalikariri kwa swali moja, "is there any red port left?", wanaulizana kama mvinyo mwekundu umebaki, na ndani ya swali kuna rangi, kuna upande wa chombo, na kuna left ambayo ni kubaki na ni kushoto pia. Huyo left naye ana wajina wake, ila leo tusimguse.

Kuna jambo moja linazunguka sana na naomba ulikatae. Watakwambia neno posh, yaani mtu wa kishua, limetokana na tiketi za meli za kwenda India, kwamba matajiri walilala upande wa port wakati wa kwenda na starboard wakati wa kurudi ili wakwepe jua, na herufi za kwanza za maneno hayo zikaunda posh. Ni hadithi tamu, na haijawahi kuonekana tiketi hata moja iliyopigwa muhuri huo. Ukikuta asili ya neno la zamani inaelezwa kwa herufi za mwanzo za maneno, weka shaka, karibu zote za aina hiyo zimetungwa baadae.

Sasa mzigo, portare, kubeba. Huyu ndo ametuzalia sisi Waswahili watoto wengi kuliko wenzake na hatujui. Sapoti ni kubeba kwa chini, unaweka bega chini ya mzigo wa mwenzio. Ripoti ni kubeba kurudisha, umetumwa ukaona ukarudi na habari. Impoti ni kuleta ndani, eksipoti ni kupeleka nje, transpoti ni kubeba kuvusha. Hata spoti! Kifaransa cha zamani kilikuwa na desporter, kubeba kupeleka mbali, yaani kuitoa akili kwenye kazi, Waingereza wakapata disport, kichwa kikakatika ikabaki sport, sisi tukaipa i. Pasipoti ndo imechanganya watu, ile imetoka kwenye bandari, ni kibali cha kupita bandarini, ingawa siku hizi unapita nayo Manyovu kwa miguu kwenda Burundi. Na pale uliposikia watu wanasema anataka kuport namba, yaani kuhama mtandao na namba yake ile ile, huduma iliyoanza hapa kwetu Machi 2017, hiyo ni kubeba, sio mlango. Vivyo hivyo mtengeneza programu akisema anaiport kwenda kwenye simu ya aina nyingine, anaibeba anaihamishia. Unaona sasa, ndani ya kibanda chako kimoja kuna port ya mlango na port ya kubeba, zote kwenye simu moja, kwa mteja mmoja.

Na mbebaji ni porter. Hapa nina kidonda changu. Nilipokuwa sekondari tulipewa habari ya Kiingereza tutafsiri, ndani yake porter anafungua geti la chuo usiku. Nikaandika mpagazi, maana kamusi niliyokuwa nayo ilisema porter ni mpagazi, na mpagazi nilimjua, babu zetu ndo walikuwa hao. Nikapigwa mkasi mwekundu, alama zikakatwa, na mwalimu hakunieleza kwa nini. Miaka baadae nikiwa chuo ndo nikajua ni wajina tena, porter wa geti anatoka kwenye porta, ni mlinda mlango, na porter wa mizigo anatoka kwenye portare, na Kiingereza kimewapa sare moja. Kama ningeelezwa siku ile ile ingenichukua dakika mbili kuelewa. Ndo maana nikiulizwa swali kama lako sijibu kwa mstari mmoja.

Wapagazi wanastahili nisimame hapa kidogo. Tabora hii nilipo, enzi za utemi wa Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara, Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na vitambaa, shanga na waya wa shaba, na njia nyingine ikaendelea magharibi mpaka Ujiji. Wazungu waliokuja wakawaandika vitabuni mwao kama porters, neno likabeba nusu tu ya kilichokuwepo, maana kwa Mnyamwezi kwenda pwani na mzigo ilikuwa safari ya kumfanya kijana aitwe mwanaume, ilikuwa na viongozi wake, ngoma zake na nyimbo zake. Kiswahili kimelihifadhi vizuri zaidi: kupagaa ni kubeba mzigo begani au kichwani, na aliyepandwa na pepo tunasema kapagawa, yaani yeye ndo kabebeshwa. Mzigo na pepo, neno moja. Kwa hiyo tusiwacheke Waingereza. Nao wakaita bia yao nyeusi porter kwa sababu wabeba mizigo wa London kwenye karne ya 18 waliipenda, basi hiyo ndo historia fupi ya bia hiyo.

Na Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, unaijua, ilipofika Kigoma haikuja ikielea. Wajerumani waliitengeneza Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipanga kwenye masanduku kama 5,000, ikaja na meli mpaka Dar es Salaam, kisha reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakaiunga upya ikaingia majini 1915. Walivyokuwa wanaondoka mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba. Meli iliyobebwa kabla haijabeba. Enzi ikifanya kazi, ukisimama juu yake pale gatini ulikuwa na bandari chini yako, port upande wa taa nyekundu, vidirisha vya porthole ubavuni, na wachukuzi wakipanda na magunia ya mahindi. Wote walikuwepo.

Sasa umeniuliza maana ngapi, na mi nimekwambia ni wajina, lakini sijamaliza. Ukichimba chini ya Kilatini unakuta hao wajina ni ndugu kweli. Lugha nyingi za Ulaya, pamoja na Kihindi na Kiajemi, zinatoka kwenye lugha moja ya kale ambayo haikuandikwa popote, wataalamu wameijenga upya kwa kulinganisha watoto wake, na kwenye lugha ile kulikuwa na mzizi per, kuvuka, kupita kwenda upande wa pili. Bandari ni unapovukia maji. Lango ni unapovukia ukuta. Kubeba ni kuvusha kitu. Hata sisi tuna vuka, vusha, kivuko, ni mti mmoja wenye matawi hivyo hivyo. Mgiriki kutoka mzizi huo ana poros, njia ya kupitia, ambayo kwa Kiingereza imekuwa pore, vile vitundu vya ngozi vinavyotoa jasho.

Na Kiingereza chenyewe, kabla hakijaazima chochote kwa Mrumi, kilikuwa na mtoto wake wa mzizi huo, ila amebadilika sura. Jacob Grimm, msomi wa lugha wa Ujerumani, aliandika mwaka 1822 kwamba pale Kilatini penye p, lugha za Kijerumani na ndugu zake wana f. Pater, father. Piscis, fish. Sasa weka port kwenye kanuni hiyo, p inakuwa f, t imelainika ikawa d, unapata ford, yaani sehemu ya mto yenye maji mafupi watu wanavuka kwa miguu. Oxford ni kivuko cha maksai. Na ferry ni mtoto wa mzizi huo huo, ndo tukapata feri. Kwa hiyo feri na port wanatoka tumbo moja, walitengana maelfu ya miaka, wakakutana tena kwenye gati moja. Mimi nikifikiria misafara ya zamani ilivyokuwa inalipa hongo ivushwe Malagarasi kwa mitumbwi, naona per yote iko pale, kivuko, lango la kutozwa, na mzigo kichwani.

Usidhani kanuni za namna hiyo ni za Wazungu. Hapa Urambo, mkoani Tabora, kulikuwa na mmisionari wa Moravian anaitwa Edmund Dahl, akasikiliza Kinyamwezi akagundua kitu: silabi mbili zikifuatana na zote zinaanza na sauti kavu kama t au k, ya kwanza inalainika. Sisi tunasema tatu, Mnyamwezi anasema datu. Mwaka 1903 Carl Meinhof, msomi Mjerumani wa lugha za Kibantu, akaiita Kanuni ya Dahl, na mpaka leo wanafunzi wa isimu ya Kibantu dunia nzima wanaisoma kwa jina hilo, wakati kilichoiibua ni vinywa vya wazee wa Urambo. T ya tatu kuwa d ya datu, p ya port kuwa f ya ford, ni kazi ya aina moja, sauti zinahama kwa utaratibu na ukijua utaratibu unaweza kurudi nyuma.

Nikupe na zawadi moja, opportunity, fursa. Kilatini walisema opportunus kwa upepo unaokusukuma kuelekea bandarini. Anayetoka na boti Kibirizi usiku wa dagaa hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Turudi kwenye bango. Wateja wako wa Mwanga hawasemi port, wanasema sistimu chaji, au tundu la chaji, kwa hiyo andika TUNABADILI SISTIMU CHAJI, kubwa, mtu aisome akiwa juu ya bodaboda. Kwa wateja wa ng'ambo ongeza chini yake port de charge, na hapa utaona kitu cha kushangaza: nimeandika port bila e. Ndivyo Wafaransa wenyewe wanavyoliandika tundu la USB. Walilichukua kutoka kwa Waingereza kompyuta zilipokuja, na lilivyowafikia halikuwa na ile e yake ya mwisho, wakalipokea kama lilivyo, likaenda kukaa na bandari badala ya mlango. Kwa hiyo yule mteja wa Kalemie akirudi, mwambie neno lilitoka kwao likiwa mlango, limerudi kwao likiwa bandari, na simu yake iko tayari.